TAFAKURI YA SIKU YA 17: "Kwani Wewe Umesoma Wapi?"



Wazee wangu, mama zangu, vijana wenzangu wa Ilagala, na nyie mlio Kigoma mjini, Ujiji, Uvinza, Dar na kwingineko mnaotusoma, poleni na swaumu. Leo nimechelewa kutuma, mnisamehe. Tafakuri niliyokuwa nimeiandaa ilihusu subira, nikaifuta usiku. Baada ya tarawehe nilikuta ujumbe wa kijana mmoja wa humu humu, kaniandikia pembeni, kwa adabu kabisa: "Samahani kaka, tafakuri zako nazipenda. Ila nilikuwa nauliza tu, kwani wewe umesoma wapi?"

Kiukweli nilinuna. Nikaandika jibu refu lenye maneno makali, nikalifuta. Nikaandika la pili, nikalifuta pia. Kufika daku nikawa nimetulia, nikaona huyu kijana kaniuliza swali ambalo kila mmoja wenu ana haki ya kuliuliza, tena mngeniuliza tangu Ramadhani mosi.

Basi jibu langu hili hapa mbele ya watu wote. Nimesoma madrasa hapa hapa kijijini, nikahitimu Qur'ani kwa kusoma, si kwa kuhifadhi. Shule nimeishia kidato cha nne. Sijasoma Zanzibar, sijasoma Madina, sijakaa chini ya sheikh yeyote kwa miaka nikamaliza hata kitabu kimoja kikubwa cha fiqhi. Kazi yangu ni kuuza mawese na mise. Kamati ya msikiti ilinipa chaneli hii kwa sababu naandika haraka na simu yangu huwa haiishiwi bando. Hakuna sababu nyingine, na anayejua nyingine aseme.

Sasa je, mtu kama huyo anafaa kukuandikia kila siku ya Ramadhani? Nimelizungusha swali hilo kichwani tangu daku, na ninaloona mimi ni kwamba haliwezi kujibiwa kwa ndiyo au hapana mpaka kwanza tuulize: ameandika nini?

Chukua ile tafakuri ya siku ya nne, kuhusu watu tunaofuturu kwa vyakula saba na jirani anafuturu kwa muhogo mkavu na maji. Pale sikukufundisha kitu. Ulikuwa unajua tayari kwamba jirani ana haki. Mimi nilikugusa bega tu. Kwa kazi ya kugusa bega, cheti cha nini? Hata mtoto wa darasa la pili akikwambia "baba, wameadhini" unanyanyuka, humuulizi kasoma wapi. Kama kuna kitu ungetakiwa kuniuliza siku ile, ni kama mimi mwenyewe jirani yangu nimempelekea sahani. Hilo swali lingenibana kuliko la shule, na bahati yangu hakuna aliyeuliza.

Tena wengi mnakijua kisa cha Abu Huraira, radhi za Allah ziwe juu yake, alipowekwa kulinda zaka ya Ramadhani. Mwizi akaja usiku akawa anazoa chakula, akamkamata, akamwonea huruma, akamwachia. Usiku wa pili hivyo hivyo. Usiku wa tatu yule mwizi akajikomboa kwa kumfundisha asome Ayatul Kursiyyu anapokwenda kulala. Asubuhi Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwambia kuwa yule alikuwa shetani, ni mwongo mkubwa, lakini katika hilo alimwambia kweli. Kisa hiki kimo ndani ya Bukhari.

Watu hukitumia kisa hiki kusema: "Unaona! Chukua elimu popote, usiangalie nani kasema." Polepole. Abu Huraira hakulichukua lile neno la mwizi akaenda nalo sokoni. Alilirudisha kwa Mtume, na Mtume ndiye aliyelithibitisha. Kwa hiyo kweli inaweza kutoka hata kwenye mdomo wa mwongo, ndiyo, ila aliyetuambia kwamba ni kweli hakuwa yule mwizi. Pale palikuwa na mtu wa kupima. Sisi tunapokea sauti saa sita usiku, hatujui nani kairekodi, hakuna wa kuipima, na kabla haijafika mwisho tumeshaituma kwenye magrupu manne.

Hapo ndipo nafika kwenye habari. Habari na mawaidha ni vitu viwili mbalimbali, ingawa kwenye simu vinakaa mahali pamoja na vinavaa nguo moja.

Mnakumbuka mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi kwenye Ziwa Tanganyika, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti. Miezi mitatu bila dagaa wala migebuka kutoka ziwani. Meseji zilizokuwa zinazunguka mnazikumbuka? Leo limefunguliwa, kesho halijafunguliwa, keshokutwa upande wa Kongo wanavua sisi tu ndio tumefungiwa. Mtu anayekaa na nyavu zimekauka mlangoni, watoto wanamtazama, akisikia "limefunguliwa" atasukuma mtumbwi. Wa kukamatwa na kupokonywa nyavu ni yeye, si aliyetuma. Katika habari kama hiyo mimi sikuulizi una digrii ngapi. Nakuuliza: ulikuwepo? Tangazo umeliona ubaoni kwa macho yako? Nani kakwambia, na huyo naye alikuwepo? Mvuvi asiyejua kusoma aliyekuwepo mwaloni ana uzito kuliko mhadhiri wa chuo kikuu aliyesikia kwa mtu.

Dini yetu ilishalifanya hili zamani. Angalia mwandamo wa mwezi. Imepokewa katika Sunan, kwa Abu Daud na Tirmidhi, kutoka kwa Ibn Abbas, kwamba bedui mmoja alikuja kwa Mtume akasema ameuona mwezi. Akaulizwa kuhusu shahada zake mbili tu, akazikiri, na Bilal akaamrishwa awatangazie watu wafunge. (Wanazuoni wana maneno kuhusu sanadi ya hadithi hii. Mimi nayataja na kuishia hapo, kwa sababu huo si uwanja wangu, mtanielewa huko mbele.) Hakuulizwa amesoma nyota kwa nani. Alikuwa na macho, alikuwa Muislamu, alisema nimeona. Basi.

Lakini angalia upande wa pili: Surat al-Hujurat, aya ya sita. Tumeamrishwa akitujia fasiki na habari tuihakikishe, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Ukiweka bedui na aya pamoja unaona kwamba sifa inayotakiwa kwa mleta habari ipo, ila ni ukweli wake na kuwepo kwake. Na sauti ile inayokuja kila usiku wa mwezi 29, "mwezi umeonekana jamani, sambazeni", isiyotaja jina wala mji, haina hata kimoja. Bedui alisimama mbele za watu kwa uso wake. Ndiyo maana sisi hapa msikitini tunasubiri tangazo la Mufti kupitia BAKWATA, na kama wewe unafuata utaratibu mwingine, heshima yako, ila basi uwe utaratibu wenye mtu anayejulikana, si sauti.

Na ile nyingine ya kila mwaka, kwamba atakayekuwa wa kwanza kuwapa watu habari ya kuingia Ramadhani ataepushwa na moto. Nimeitumiwa mwaka huu mara kumi na moja, nilihesabu. Haina asili yoyote katika vitabu vya hadithi. Waliotuma wote ni watu wema, watatu kati yao wananizidi ibada.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nifute tafakuri ya subira.

Ramadhani iliyopita mama mmoja kijana wa hapa kwetu aliniandikia pembeni. Ananyonyesha, mtoto ana miezi mitatu, maziwa yanapungua, afunge au ale? Mimi nilikuwa dukani, mteja mbele yangu anasubiri dumu lake la mawese. Nikamjibu kwa dole gumba: "Funga tu dada yangu, Allah atakupa nguvu, wangapi wananyonyesha na wanafunga." Nikaweka na alama ya mikono ya dua. Nikarudi kwa mteja.

Alifunga siku tano. Siku ya sita mama mkwe wake akambeba mtoto mpaka zahanati, mtoto mwepesi, midomo imekauka. Wakapewa msaada, wakarudi, mtoto akapona, alhamdulillah. Sheikh wetu alipopata habari akamwita mama na mumewe akawaeleza kwamba mwenye kunyonyesha akihofia nafsi yake au mtoto wake ana ruhusa ya kula, na akawafafanulia namna ya kulipa. Kisha akaniita mimi. Hakunifokea. Akaniuliza: "Ulimjibu kama nani?"

Sikuwa na jibu. Nilimjibu kama mtu mwenye chaneli. Yule mama hakunitumia swali lile kwa sababu ananijua kuwa na elimu ya fiqhi. Alinitumia kwa sababu kila asubuhi anaona maandishi yangu, yana aya, yana dua, yanaanza kwa salamu. Imani aliyoipata kwangu kwenye mawaidha aliihamisha yote mpaka kwenye hukumu, na mimi nikaipokea kama vile ni yangu. Mguso wa bega ukageuka fatwa, na wala hatukuona ni wapi tumevuka mpaka.

Sheikh akanisimulia kisa ambacho nilikuwa nimekisikia tangu utoto bila kukisikia. Maswahaba walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe kichwani likampasua. Usiku akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hapana, maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume alipopewa habari alikasirika sana, akasema kwamba wamemuua, na kwa nini hawakuuliza pale ambapo hawakujua. Abu Daud ameipokea. Hebu fikiri ni nani waliokuwa pale. Si wahuni wa mtandaoni. Ni Maswahaba! Watu wa ikhlasi, waliosafiri pamoja na mgonjwa, wanaompenda. Nia yao ilikuwa safi kabisa, na haikumsaidia mwenye jeraha.

Mimi nilikuwa nadhani nia njema inafidia. Nilikuwa nadhani mtu mwema akikosea, kosa lake linakuwa dogo. Kwa Mola wake pengine, sijui. Kwa mtoto wa miezi mitatu, kosa lina ukubwa ule ule.

Imam Malik alikuwa anasimulia kwamba ndani ya Msikiti wa Madina, kwenye nguzo zile zile, aliwakuta watu sabini wanaosimulia hadithi za Mtume, na hakuchukua kwao hata moja. Wezi? Hapana. Anasema mmoja wao angekabidhiwa hazina ya umma angekuwa mwaminifu. Hakuchukua kwa sababu hawakuwa watu wa fani hiyo. Nililipenda sana hilo kwa sababu linatenganisha vitu viwili ambavyo sisi tunavichanganya kila siku: kumwamini mtu kwenye pesa na kumwamini kwenye elimu. Mweka hazina wetu wa msikiti namkabidhi mchango wote wa futari bila kuhesabu. Swali la mirathi simpi, na yeye mwenyewe hataki. Na huyo huyo Malik, mtu alisafiri safari ndefu kumletea maswali mengi, na mengi kati ya hayo akayajibu kwa neno moja: sijui. Malik huyo! Mimi muuza mise nilijibu moja bila hata kushusha dumu.

Mzee mmoja, mvuvi wa siku nyingi, nilipomweleza leo asubuhi ninachoandika akanibishia, na ubishi wake una haki. Alisema: "Mkianza kudai vyeti, sisi tusiosoma mtatufunga midomo. Na wenye vyeti wangapi wametudanganya?" Kweli wapo. Mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, mwenye blogu akatakiwa awe na leseni ya TCRA: shilingi 100,000 ya maombi na shilingi 1,000,000 ya leseni. Wapo waliofunga blogu zao kwa kushindwa gharama. Lakini karatasi ile, hata ukiipata, inasema nani wa kutafutwa mambo yakiharibika. Haisemi nani anajua. Kwa hiyo karatasi na ujuzi ni vitu ambavyo mara vinakwenda pamoja, mara vinaachana.

Ila mzee nilimwambia: wewe una cheti. Miaka yako ziwani ndiyo cheti. Mtu akitaka kuvuka na mzigo na wingu limejifunga upande wa kusini, hatamuuliza sheikh, atakuuliza wewe, na akimuuliza sheikh basi sheikh atamleta kwako. Mtume na Abu Bakr walipohama Makka walimkodi Abdullah bin Uraiqit awaongoze njia, na wakati ule hakuwa Muislamu, alikuwa kwenye dini ya Makureshi. Walimpa ngamia wao wawili na ahadi ya kukutana kwenye pango la Thaur baada ya siku tatu. Roho zao zilikuwa mkononi mwake. Waliangalia mambo mawili kwake: anaijua njia, na hatawauza. Na kwenye upandikizaji wa mitende, Mtume aliwaachia watu wa Madina mambo ya dunia yao wanayoyajua zaidi. Sisi wa michikichi tunaelewa: ukitaka miche ya Tenera unakwenda kwa watafiti wa TARI Kihinga, na ukitaka kujua bonde lipi la hapa kwetu hutuamisha maji unamuuliza bibi aliyelima hapo miaka yote. Wote wawili ni wataalamu.

Mzee akacheka, akasema basi sawa, ila usisahau Loliondo.

Nisingesahau. Mwaka 2011, kijiji cha Samunge. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, Babu, anatoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, na foleni ya magari inakwenda kilomita na kilomita. Marehemu sasa, alifariki 2021, simsemi kwa ubaya. Hata Waislamu tulikwenda, kutoka Kigoma hii watu walipanda magari. Ninachokitazama mimi ni jinsi uaminifu ulivyohamishwa. Babu alikuwa mtu wa Mungu, mnyenyekevu, pesa aliyodai ndogo: basi watu wakasema dawa ni ya kweli. Mawaziri walikunywa: basi watu wakasema kama waziri kanywa, mimi nani? Waziri anajua nini kuhusu virusi? Na walioshuhudia walisema "nimepona, najisikia mwepesi". Kujisikia mwepesi unaweza kunishuhudia, ni mwili wako. Kwamba ugonjwa wa damu umeondoka, hilo huna macho ya kuliona, linaonwa na kipimo. Wapo walioacha dawa zao za hospitali. Ndiyo maana meseji za tiba humu ndani nazifuta hata kama aliyetuma ni mkubwa wangu, hata ikianza na "Dokta", kwa sababu neno Dokta kwenye simu halina gharama. Ukinitumia jina kamili la daktari, hospitali anayofanya kazi, na namba ninayoweza kupiga, nitaiangalia. Wenye sukari na presha mnaofunga, kituo cha afya kipo, nendeni mkaulize kabla hamjabadilisha saa za vidonge.

Kwa hiyo kijana wangu, uliyeniuliza nimesoma wapi: kwa mawaidha, nisome au niache, nipime kwa unachokijua tayari. Kwa habari, nidai nimeipata wapi. Kwa hukumu ya halali na haramu, usinisome kabisa, hata nikiandika vizuri. Hasa nikiandika vizuri.

Tangu leo kuna mabadiliko madogo. Kila tafakuri yenye aya au hadithi, sheikh ataipitia kabla sijaituma, amekubali, kwa hiyo zitakuwa zinafika baada ya Alasiri badala ya asubuhi. Hii ya leo ameipitia, na sehemu mbili amenifutia. Maswali ya fiqhi msinitumie pembeni. Sheikh anakaa msikitini kila siku kati ya Alasiri na Magharibi, na kina mama wanaoona haya wapitie kwa mke wake, atayafikisha na kurudisha jibu. Ukinitumia mimi nitakujibu neno moja, na sasa mnalijua ni lipi.

Yule mama yumo humu kwenye chaneli. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuandika, akanipa, akasema nisitaje jina. Mtoto ameshaanza kutembea, jana alikuja na bibi yake dukani akamwaga kidumu cha nusu lita.

Tafakuri ya subira itakuja kesho inshallah. Swaumu maqbul.